Taa nane za nje, swichi pepe moja: nilipokosea na nilivyorekebisha nyumbani kwa mama, Jinja

#1 Mwana_wa_Walukuba

Wakuu, salaam. Nauleta uzi huu kwa sababu nimehangaika na jambo hili miezi miwili, na sijaona aliyelieleza kwa Kiswahili kuanzia mwanzo. Ni mrefu, nivumilieni.

Mama yangu anaishi Bugembe, Jinja, na binti mmoja anayemsaidia kazi. Mimi niko Kampala, kama kilomita 80 kutoka kwake. Jicho lake la kushoto lina mtoto wa jicho. Nyumba ni ya zamani, ya tofali za kuchoma, na ina taa nane za nje: mbili za veranda, nne za kona, moja ya lango na moja ya banda la kuku. Kila taa ina swichi yake, na swichi zenyewe zimetapakaa. Za veranda ziko sebuleni, za kona ziko koridoni, za lango na banda ziko stoo, nyuma ya magunia ya mahindi. Mbwa akibweka usiku, mama anaamka na kupapasa ukuta wa korido gizani mpaka azifikie. Hilo ndilo lililoniuma.

Nikanunua balbu nane za Zigbee (mtandao wa redio wa vifaa vya nyumbani), nikamwekea Raspberry Pi, kompyuta ndogo, yenye Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa hivyo, na kitufe kidogo cha betri ukutani kando ya kitanda. Nilitaka abonyeze mara moja, nje kote kuwake.

Kwa ambaye hajakutana nayo, swichi pepe haina waya wala plastiki. Iko ndani ya programu tu. Ina hali mbili, imewashwa au imezimwa, na ukiigeuza, programu inapeleka amri kwa taa zote ulizoiambia. Kwenye Home Assistant unaingia Settings, halafu Devices & services, halafu Helpers, unachagua Toggle. Ndani ya programu inaitwa input_boolean. Yangu niliipa jina taa_za_nje, kisha nikaandika otomesheni mbili, yaani kanuni ambazo programu inazitekeleza yenyewe: ikiwashwa, washa taa nane; ikizimwa, zima taa nane. Kitufe cha mama kikawa kinaigeuza swichi hiyo. Siku ya kwanza mama alibonyeza mara kumi, akitoka verandani kila mara kuhakikisha.

Usiku wa nne, saa tisa, simu ikalia. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa tano. Uliporudi, balbu zote nane ziliwaka zenyewe, mwanga wote. Mama akadhani kuna mtu ndani ya ua. Alipoona hakuna, akabonyeza kitufe azizime. Hazikuzimika. Akabonyeza tena, zikazimika, lakini alikuwa ameshatia shaka, akabonyeza mara ya tatu, zikawaka. Nikiwa naye kwenye simu nilikisikia kile kitufe, tak, tak, tak, na kuku wanapiga kelele nyuma yake.

Nilipochunguza nikaona hivi. Balbu nyingi za aina hii huwaka umeme ukirudi. Zimetengenezwa hivyo ili mtu anayetumia swichi ya ukutani asikute taa haiwaki. Swichi pepe nayo, Home Assistant ikiamka, inarudia hali yake ya mwisho, na hali hiyo ilikuwa "imezimwa". Basi taa zinawaka, swichi inasema zimezimwa. Mama akibonyeza, swichi inageuka kuwa "imewashwa" na kuziamuru taa ziwake, nazo zinawaka tayari. Bonyezo la kwanza limepotea bure, na mtu aliyeamshwa usiku hawezi kujua hilo.

Swichi yangu ina kumbukumbu yake mbali na taa, na taa zina hali yao. Siku hali hizo mbili zikitofautiana, mama ndiye anayeumia. Nyie mmelitatua vipi?

#2 Kijana_Ntinda

Pole sana mkuu, na pole kwa mama. Ongeza otomesheni mbili za kurudi: taa yoyote ikiwaka, swichi pepe iwashwe; taa yoyote ikizimika, swichi izimwe. Zitalingana.

#3 Mwana_wa_Walukuba

Asante ndugu. Nilifanya hivyo Jumamosi nikiwa Bugembe mwenyewe, nikajionea kwa macho. Nilibonyeza kuwasha. Taa zikawaka moja moja kuanzia veranda. Kabla ya ile ya lango kuwaka, nikazima ya banda la kuku kwa simu, kujaribu tu. Swichi pepe ikaona taa imezimika, ikajizima, ikaamuru zote zizimwe. Wakati huohuo ya lango ikaripoti kuwa imewaka, swichi ikajiwasha, ikaamuru zote ziwake. Zikaanza kufukuzana, kona hii inawaka, ile inazimika, karibu nusu dakika, mpaka nikasimamisha otomesheni kwa mkono.

Ugonjwa uko hapo: taa inaiamuru swichi na swichi inaiamuru taa, na taarifa hazifiki kwa wakati mmoja. Kwa taa moja huenda usilione kabisa. Kwa nane zilizotawanyika ua mzima, utaliona.

#4 DadaSeva_Mbarara

Kaka, uliitambua shida vizuri kwenye #1, ila dawa uliyopewa imeongeza kumbukumbu badala ya kuipunguza. Swichi pepe ya kudhibiti taa nyingi haitakiwi kukumbuka kitu. Kila inapoulizwa "umewashwa?", nayo iziulize taa.

Futa ile Toggle pamoja na otomesheni zote nne. Rudi kwenye Helpers, chagua Group, kisha Light group, weka taa zako nane, ipe jina. Utapata kitu kinachoonekana kama taa moja. Ukikiwasha, nane zinawaka. Ukikizima, nane zinazimika. Ukitaka kupunguza mwanga, unapunguza zote. Hali yake haiandikwi popote, inasomwa kwenye taa zenyewe. Umeme ukirudi na taa zikawaka, kundi linasema "limewashwa", kwa kuwa kweli zinawaka. Mama akibonyeza mara moja, zinazimika.

Kuna kisanduku utakutana nacho hapo, All entities. Ukikiacha wazi, kundi linahesabiwa limewashwa hata taa moja tu ikiwaka. Ukikitia alama, halitahesabiwa limewashwa mpaka zote nane ziwe zinawaka. Wengi hukipita bila kukisoma, halafu wanashangaa. Fikiria kwanza mama anabonyeza akitaka nini.

Toggle ina kazi yake. Mimi ninayo ya "wageni wapo", inayozuia taa za sebule zisijizime. Hiyo ni nia ya mtu, na nia haina balbu ya kuiuliza, kwa hiyo lazima ikumbukwe mahali. Taa inawaka au haiwaki, na yenyewe inajua.

#5 Nyutro240

Mimi ni fundi umeme, niko Kampala. Mnazungumza programu, sawa, ila nauliza: swichi za ukutani mmezifanya nini? Yule binti akizima ya stoo asubuhi kwa mazoea, balbu ya lango haina umeme. Hakuna kundi wala swichi pepe itakayoiwasha.

#6 Mwana_wa_Walukuba

Fundi, umepiga penyewe. Ndivyo ilivyokuwa. Kila asubuhi binti anazunguka kuzima kama alivyofundishwa na mama mwenyewe, kuokoa yaka, umeme wa kulipia kabla. Mama akibonyeza usiku zinawaka tano. Na kuna jambo sikulijua: balbu za Zigbee zinapokezana ujumbe. Ya kona ndiyo inayoifikishia habari ile ya lango. Ukizima ya kona ukutani, ya lango nayo inapotea ingawa ina umeme wake.

Dada Seva, kundi nimelitengeneza. Limekubali mara moja. Ile kufukuzana imekwisha.

#7 Nyutro240

Basi una njia mbili. Ya kwanza, uunganishe nyaya nyuma ya swichi moja kwa moja ili balbu ipate umeme muda wote, na ukutani uweke kifuniko kisicho na kitufe. Ni rahisi, lakini siku Raspberry Pi ikifa, mama hana pa kuwashia.

Ya pili ni kurudisha balbu za kawaida na kuweka moduli ya Zigbee, kile kiboksi kidogo chenye rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), nyuma ya swichi. Swichi ya ukutani inaendelea kufanya kazi, na programu inaona. Hii ndiyo ninayoipenda, ila fungua boksi la swichi kwanza. Nyumba nyingi ninazofungua hapa nakuta nyaya mbili tu, laivu inayoingia na laivu inayokwenda taani. Nyutro, waya wa kurudisha umeme, imebaki juu darini. Moduli nyingi zinataka nyutro. Zipo zisizoihitaji, lakini kwa balbu ndogo ya LED mara nyingi taa inabaki ikipepesa au kung'aa kidogo hata ikiwa imezimwa, mpaka ufunge kapasita kwenye taa. Na zisizo na nyutro kwa kawaida hazipokezani ujumbe wa Zigbee, kwa hiyo lango lako litakuwa mbali tena. Mimi huiweka moduli juu darini, pale nyaya za taa zinapoungana, kwa sababu nyutro ipo hapo.

Zima swichi kuu kabla hujagusa chochote, na upime kwa tesita. Hizi ni volti 240, na darini hakuna pa kushika ukirushwa.

#8 Mgeni_wa_Arua

Wapendwa, nafuatilia. Nina nyumba ya wageni hapa Arua, taa 12 kwenye baraza ndefu, zote za Zigbee. Kundi kama la dada Seva ninalo. Linafanya kazi, lakini linawasha moja baada ya nyingine kama mtu anatembea nazo. Wageni wanalisemea. Na ya mwisho kabisa siku nyingine haiwaki. Ni ruta yangu?

#9 DadaSeva_Mbarara

Baba wa Arua, huenda ruta haina kosa. Kundi la Home Assistant ni orodha tu. Ukiliwasha, linatuma amri 12 tofauti, moja kwa kila balbu, na redio inazipeleka kwa foleni. Unachokiona barazani ni foleni hiyo.

Zigbee ina makundi yake yenyewe, na hayo ni kitu kingine. Namba ya kundi inaandikwa ndani ya balbu. Ukiwasha, unatoka ujumbe mmoja tu unaosema "kundi namba 5, washeni", na kila balbu yenye namba hiyo inatii kwa wakati mmoja. Ukitumia Zigbee2MQTT, programu ya kusimamia vifaa vya Zigbee, nenda sehemu ya Groups, tengeneza kundi, ingiza taa moja moja zikiwa zote zina umeme, kwa sababu balbu isiyo na umeme haiwezi kuandikwa namba. Ukitumia ZHA, njia ya Zigbee ya Home Assistant yenyewe, makundi yako kwenye mipangilio yake. Mwishoni utapata taa moja ndani ya Home Assistant kama kawaida, hiyo ndiyo swichi pepe yako. Jaribu usiku usimame mbele ya baraza. Utaona tofauti kwa jicho.

Tahadhari moja. Ujumbe wa kundi unasambazwa mtandao mzima, kila balbu inaurudia. Kuwasha na kuzima hakuna neno. Lakini ukiweka kitu kinachobadili mwanga kidogo kidogo mara nyingi kwa sekunde, mtandao utajaa na amri zitaanza kupotea.

Kuhusu ile ya mwisho isiyowaka, angalia kile kifaa cha redio cha USB. Kama umekichomeka moja kwa moja kwenye tundu la USB 3, kitoe ukiweke kwenye waya wa USB wa mita moja, mbali na kompyuta. Matundu hayo hutoa kelele kwenye masafa ya gigahezi 2.4, na Zigbee ndiko iliko. Wi-Fi nayo iko hukohuko, kwa hiyo usikiweke kifaa hicho juu ya ruta.

#10 Mgeni_wa_Arua

Dada, Mungu akubariki. Nimekitoa kile kifaa kwenye tundu, nimeunga waya, nimetengeneza kundi. Baraza nzima imewaka mara moja kama taa moja. Mlinzi wangu amenyamaza akitazama. Ile ya mwisho imewaka mara zote sita nilizojaribu.

#11 Kijana_Ntinda

Nimejifunza, na #2 yangu msiifuate. Balbu zangu ni za Wi-Fi, nazitumia kwa programu ya simu ya Smart Life. Nazo zinaingia hapa?

#12 DadaSeva_Mbarara

Zinaingia kwenye kundi la kwanza, lile la orodha. Smart Life nayo ina makundi yake, lakini hukubali vifaa vya aina moja pamoja. Ukichanganya, tumia Tap-to-Run, kitufe cha ndani ya programu kinachotuma amri kadhaa kwa pamoja. Otomesheni zake nyingi hupitia seva ya mbali, kwa hiyo bando likiisha, usitegemee.

#13 Nyutro240

Turudi kwa mama wa Bugembe. Umeme ukirudi, balbu zifanye nini? Mimi nasema za nje ziwake. Wezi wanapenda usiku wa kukatika. Umeme ukirudi ua uwe mweupe.

#14 Mwana_wa_Walukuba

Fundi, nimeliwazia hilo sana, na nakukubalia nusu. Balbu zangu zina mpangilio wa power-on behavior wenye chaguo tatu ninazozihitaji: iwake, izimike, au irudie ilivyokuwa kabla. Mama hataki kuamshwa na mwanga dirishani saa tisa. Nimeweka hivi: ya lango iwake kila umeme ukirudi, saba zilizobaki zirudie zilivyokuwa. Lango haliko upande wa chumba chake.

Hapo ndipo nikagundua tatizo la kisanduku kile alichokitaja dada Seva. Sikilizeni. Umeme umerudi, ya lango inawaka peke yake. Kundi linasema "limewashwa", maana moja inawaka. Mbwa anabweka. Mama anabonyeza kitufe kinachogeuza. Kundi limewashwa, basi linageuzwa kuzimwa, na hata ile ya lango inazimika. Mzee wa watu anaomba mwanga, anapewa giza.

Nikatia alama kwenye kisanduku. Sasa kwa kuwasha ni sawa, lakini siku balbu moja imekufa, kundi halifiki "limewashwa" kamwe, na mama hawezi kuzima. Kote kuna shimo.

Nikaamua kuachana na kugeuza. Nimeondoa kitufe cha bonyezo moja, nimeweka rimoti yenye sehemu mbili. Juu inatuma "washa", chini inatuma "zima". Hazijali hali iliyopo. Mama akibonyeza juu mara tano, matokeo ni yaleyale, taa zinawaka. Juu nimebandika kipande cha plasta ya kidonda, akipapasa gizani anajua ndiyo ya mwanga.

#15 DadaSeva_Mbarara

Hapo kaka umefika. Na kwa kuwa sasa ni washa na zima, malizia: tengeneza kundi la Zigbee kama la #9, uiunge rimoti nalo moja kwa moja, kule Zigbee2MQTT kwenye sehemu ya Bind ya rimoti, chagua kundi hilo. Ujumbe utatoka kwenye rimoti kwenda kwenye balbu bila kupitia Raspberry Pi. Siku Pi imekufa kwa kadi ya SD kuharibiwa na umeme wa kukatika-katika, mama bado ana mwanga. Kadi hizo huharibika hivyo mara nyingi, ukipata nafasi mhamishie diski ya SSD.

Usingeweza kuunga kile kitufe cha kugeuza namna hii. Amri ya kugeuza ikienda kwa kundi, kila balbu inajigeuza yenyewe. Iliyokuwa inawaka inazimika, iliyozimika inawaka, na hazitalingana tena mpaka mtu aingilie.

Ili simu yako Kampala ijue mama amebonyeza, hakikisha balbu zimewekewa kuripoti hali zao. Zikiripoti, kundi litasema kweli hata kama Pi haikutoa amri.

#16 Mgeni_wa_Arua

Niongeze kwa wanaoweka saa za kuwasha. Niliandika 1:00 nikimaanisha saa moja jioni. Baraza ikawaka saa saba usiku na wageni wamelala. Programu inataka 19:00. Nimeacha saa kabisa, nimeweka machweo, na hapa kwetu karibu na ikweta machweo hayahamihami sana mwaka mzima.

#17 Nyutro240

Machweo na dakika 10 kabla, mkuu. Siku za mvua giza linawahi. Na wale mnaonunua balbu, angalieni holda. Nyumba nyingi zina za pini, na balbu nyingi za Zigbee madukani ni za kuskrubu. Kibadilishi cha holda kipo, ila kwa taa ya nje ambayo maji yanaifikia badilisheni holda yenyewe.

#18 Mwana_wa_Walukuba

Mrejesho, wiki tatu baadaye.

Kundi la Zigbee la taa nane, limeunganishwa na rimoti. Nyaya za swichi za kona nne na lango ameziunga fundi wa hapa Bugembe moja kwa moja, kwa ushauri wa #7. Za veranda na banda tumeziachia swichi, na nimekaa na binti jikoni nikamweleza ni zipi asizime na kwa nini. Alinielewa haraka kuliko nilivyojieleza. Pi na ruta viko kwenye betri ndogo ya sola.

Umeme umekatika mara mbili usiku tangu hapo. Mara ya kwanza niliiona asubuhi kwenye kumbukumbu za Home Assistant: saa 8:20 usiku balbu zote nane zimepotea, saa 9:05 zimerudi, ya lango imewaka, saba zimebaki zimezimwa. Nikampigia mama kumuuliza usiku ulikuwaje. Akasema amelala vizuri, kwani kulikuwa na nini.

Mara ya pili mbwa alibweka umeme uliporudi. Saa 10:12 rimoti imetuma washa, mara moja tu. Zote nane zimewaka. Saa 10:19 imetuma zima.

Sasa anataka rimoti ya pili kando ya mlango wa jikoni, ya kutokea kwenda kuku alfajiri. Nimemnunulia, nitaiunga na kundi lilelile Jumapili.